Mumbi na Mti Wenye Tundu



Leo nataka kusema habari za mumbi, yule ndege mweusi, mkubwa, mwenye uso mwekundu, atembeaye katika nyasi za miombo akitafuta panzi, vyura na nyoka. Wazee husema akilia alfajiri, mvua haiko mbali. Tangu mwaka 2010 yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kwa nini apungua? Hutaga katika tundu la mti mkubwa, mzee. Na miti mikubwa ndiyo tuitafutayo kwa mbao na mkaa. Tena kundi zima hulea kinda mmoja tu. Huko Afrika Kusini imeonekana kuwa kwa wastani hupita kama miaka 9 kabla ya kundi kukuza mwingine. Angekuwa kuku, tungekwisha kumsahau!

Sisemi watu wa mjini wasipike. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake. Basi mkutano wetu ujao na uandike: mti wenye tundu usikatwe, mwenye shoka awe tajiri wa mjini au ndugu yetu wenyewe.