Baka la Kiunoni: Rangi, Nasaba na Usikivu wa Bulteria



Wapo wafugaji wa mbwa wa nasaba, na miongoni mwao wamo watu wenye elimu na insafu, wanaoshikilia kwamba rangi ya manyoya ndiyo shahada ya usafi wa damu, na kwamba kijibwa cha teria kinachozaliwa na rangi isiyokubaliwa na kanuni za jamii yake ni ithibati ya kuwa hapo kale mbwa mgeni alipenya katika ukoo. Rai hii nimeisikia ikikaririwa kwa yakini kubwa mno, hata nikaona heri niuache mhadhara niliokusudia juu ya urithi kwa jumla, niikabili yenyewe. Kanuni za Mendel mnazijua, na habari za Kennel Club iliyoasisiwa London mwaka 1873 mnazijua pia, sitazirudia. Nitamchukua mbwa mmoja tu, bulteria, kwa sababu kwake yeye hoja ya wapinzani wangu huonekana ina nguvu.

Nguvu yake ni hii: katika miaka ya 1860 James Hinks wa Birmingham aliwatokeza bulteria weupe pepe, wakapendwa sana katika maonyesho; na rangi iliporejeshwa katika karne ya 20, ilirejeshwa kwa kuwapandisha na mbwa wa Staffordshire. Basi husemwa kwamba mweupe ndiye asili na mwenye rangi ni chotara. Lakini huyo Hinks, kwa habari zinazokubaliwa na wengi, aliupata weupe kwa kuwapandisha wazao wa buldogi na teria, waliokuwa mbwa wa mapigano, na teria mweupe wa Kiingereza, ambaye leo ametoweka, pamoja na mbwa wa Dalmatia. Ikiwa kuchanganya damu ni taksiri, basi weupe wenyewe ni mtoto wa taksiri hiyo hiyo, na kule kutangulia kwake kwa miongo michache hakumpi mweupe haki ya kuitwa asili.

Fauka ya hayo, bulteria mweupe si mbwa asiye na rangi. Chini ya weupe wake amebeba urithi wa milia, au wa wekundu, au wa weusi na hudhurungi, sawasawa na nduguye wa tumbo moja. Alichozidishiwa ni urithi unaozizuia seli za rangi zisienee mwilini. Ushahidi umo katika kanuni zenyewe: American Kennel Club, iliyowatenga weupe na wenye rangi katika mafungu mawili mwaka 1936, inamruhusu mweupe kuwa na alama kichwani, bali alama hiyo hiyo ikitokea kwingine mwilini huhesabiwa kuwa ila kubwa. Baka jeusi juu ya jicho ni halali. Likiwa kiunoni, ni aibu. Nawauliza wenye rai ile: damu ya mgeni inajuaje mpaka wa shingo?

Jawabu tulipewa zamani, na hapa mniwie radhi nikikaa kidogo na kitabu nikipendacho kuliko vyote katika elimu hii, nacho ni kile cha Clarence Cook Little juu ya urithi wa rangi kwa mbwa, kilichochapishwa mwaka 1957. Little, mwasisi wa Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, aliyapanga mabaka katika ngazi nne za urithi, tangu mbwa mwenye rangi mwili mzima hadi yule wa weupe uliokithiri, ambako ndiko alikomweka bulteria. Lakini hakukomea hapo, na hili ndilo linalonifanya nimrudie mara kwa mara: alieleza kwamba katika kila ngazi kuna virithi vidogo vidogo, vingine vikiongeza rangi na vingine vikiipunguza, hata mbwa wawili wa ngazi moja wakatofautiana, huyu akiwa mweupe mtupu na huyu akiwa na baka mgongoni, bila ya mgeni yeyote kuingia. Mwaka 2007 wanasayansi walipoigundua jeni ya MITF kuwa ndipo mahali penyewe pa weupe huo, msingi wa Little ulibaki umesimama.

Nikiwa mwanafunzi Uingereza nilipelekwa nyumbani kwa mfugaji mmoja, akagonga sufuria juu ya watoto wa bulteria waliolala. Wote waliamka, ila mmoja, mweupe pasi na doa, aliinua kichwa baada ya kukanyagwa na nduguye. Huyo aliwekwa kwa ajili ya maonyesho. Yule mwenye baka kiunoni, aliyekuwa wa kwanza kuruka, aliuzwa kwa bei ndogo bila hati ya nasaba.

Tukio moja si hoja, lakini hesabu ni hoja. George Strain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana alichapisha mwaka 2004 matokeo ya vipimo vya umeme vya usikivu: miongoni mwa bulteria weupe karibu asilimia 20 walikuwa viziwi wa sikio moja au yote mawili, na miongoni mwa wenye rangi asilimia 1.3 tu. Sababu yake ni kwamba seli za rangi zina kazi ndani ya sikio pia, na zikikosekana huko, viungo vya kusikia hufa katika wiki za mwanzo. Kwa mbwa wa Dalmatia, wenye baka la kuzaliwa nalo huwa viziwi kwa nadra zaidi, na hao ndio kanuni za Marekani zinaowaondoa uwanjani.

Nakiri kwamba zipo rangi zenye madhara, kama ile ya kijivu-buluu inayoandamana na kunyonyoka manyoya katika baadhi ya jamii za mbwa. Hizo na zikatazwe kwa madhara yake. Lakini bulteria mweupe apandishwe na mwenye rangi, asizalishwe yeyote asiyethibitishwa kwa kipimo cha umeme kuwa anasikia kwa masikio yote mawili, kwani sufuria haimfichui kiziwi wa sikio moja, na alama ya kiunoni ifutwe katika orodha ya ila.