Kuchemsha Mkia wa Kamba Koche

Leo tutaingia jikoni kidogo. Nataka kuzungumza nanyi juu ya kamba koche, yule kamba mkubwa wa miambani asiye na magando, avuliwaye pwani kwetu. Wavuvi wengi humwuza mjini, na siku wanapobakiwa na mmoja, humpika mpaka akawa si chakula tena. Mimi mwenyewe niliwahi kuuchemsha mkia nusu saa nzima. Nyama ikawa kama mpira. Mama mkwe wangu hakusema neno. Alikula wali mtupu.

Kwanza, harufu. Kamba akifa huharibika upesi sana. Mkia ukinuka kama mkojo utupeni, hata kama mmeulipia fedha nyingi. Ndimu na pilipili hazitauponya.

Bandikeni sufuria kubwa, na kwa kila lita ya maji tieni vijiko viwili vya mezani vya chumvi, yapate kukaribia maji ya bahari. Chomekeni kijiti kirefu katika nyama ili mkia usijikunje. Maji yakichemka kweli kweli, utumbukizeni. Mkia wa gramu 200 wataka dakika 7 au 8 hivi. Kama umegandishwa, uyeyuke kwanza katika maji baridi.

Sasa angalieni. Gamba hugeuka jekundu mapema, nalo huwadanganya wengi. Rangi ile imo tangu kamba yu hai, ila imefungamana na kitu kingine katika gamba. Moto huifungua tu. Basi msitazame gamba, tazameni nyama pale mkia ulipokatwa. Iking'aa kama kioo, bado ni mbichi. Ikiwa nyeupe mpaka katikati, opoeni mara moja, mtie katika maji baridi.

Kateni gamba la tumboni kwa mkasi, mtoe ule uzi mweusi wa utumbo. Viungo visizidi: kitunguu saumu kilichopondwa, bizari kidogo na pilipili mbichi moja, vikaangwe katika samli; kisha tui zito, na likianza kutokota tu, tieni nyama mwepue. Ndimu hukamuliwa mezani.

Tena mgeni aulizwe kwanza kama kamba humdhuru. Wako watu ambao kipande kimoja huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali pale pale, msingoje apate nafuu.

Kwa herini.