Mdomo wa Chewa

Msikilizaji wa Paje, hasa wewe mwenye nyumba ya wageni au mkahawa, unayetaka kufuga samaki wa bahari kwenye tangi la kioo. Tega sikio kidogo.

Kabla hujamweka chewa pamoja na wenzake, mwangalie mdomo. Chewa hatafuni. Hufungua mdomo ghafla, humvuta samaki pamoja na maji, akammeza mzima. Kwa hiyo samaki anayeenea mdomoni mwake ni chakula.

Usidanganywe na chewa mdogo. Atakua, na mdomo utakua naye. Jirani aliyekaa salama mwaka huu, mwakani huenda akamezwa.

Mkunga je? Mchana hujificha, akatoa kichwa tu. Usiku hutoka, akawinda kwa kunusa. Mjengee pango la mawe. Funika tangi vizuri, maana hupenya kwenye uwazi mdogo akafia sakafuni. Kaa na kamba usiwaweke naye.

Kikande ana mdomo mdogo, lakini asikupumbaze. Ana meno makali, na hung'ata mapezi ya wenzake. Huyo mwingize mwisho, wengine wakishazoea.

Basi, chagua wawindaji wachache, tena wanaolingana ukubwa. Tangi liwe kubwa. Narudia: anayeenea mdomoni mwa mwenzake, usimweke.

Na samaki wa mwambani ni riziki ya kijiji. Tafadhali, kabla hujamtoa hata mmoja, zungumza kwanza na kamati ya wavuvi ya shehia yako.