Wito Huanzia Katika Kilicho Mkononi

Hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika za Mbulu na Hanang



Tumepewa mada ya kutambua wito na vipawa ambavyo Mungu ameweka ndani ya kila mtu. Ni mada inayopendwa sana. Katika semina nyingi mtu huambiwa afumbe macho, aone maono makubwa, kisha aamini kwamba atafanikiwa. Sisi wa ofisi ya miradi hatupingi maono. Lakini baada ya miaka mingi ya kutembea kati ya Dongobesh, Haydom, Basotu na Katesh, tumejifunza jambo moja, nalo ndilo tunalotaka kuwaachia leo. Wito wa mtu huanzia katika kile ambacho tayari kiko mkononi mwake, na kazi ya kanisa ni kuuliza, kuona na kutoa nafasi. Tukiruka hatua hiyo tunapoteza fedha, na kibaya zaidi, tunapoteza watu.

WITO SI WA WENYE KOLA PEKE YAO

Tukisema neno "wito" katika sharika zetu, wengi humfikiria mchungaji, mwinjilisti au labda muuguzi wa pale Haydom. Mkulima hujiona hana wito, ana jembe tu. Sisi Walutheri ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kusahihisha jambo hili. Mwaka 1520 Martin Luther aliwaandikia viongozi wa Ujerumani akifundisha kwamba fundi viatu, mfua chuma na mkulima, kila mmoja ana kazi na ofisi yake, na kwa kazi hiyo kila mmoja anapaswa kuwafaa wenzake. Mbele za Mungu kazi ya padre haikuwa na daraja la juu kuliko ya fundi viatu.

Tazameni mfano huo wa mfua chuma. Miongoni mwa ndugu zetu Wadatoga wapo wafua chuma, ambao kwa muda mrefu wengine wamewaona kuwa watu wa chini na kukwepa kuoana nao. Wanaowadharau huhitaji mikuki, visu na bangili wanazofua. Tunauliza: ni vijana wangapi wa sharika zetu wenye mikono ya ufundi wanaoona aibu kuitumia kwa sababu sisi wazee tumewafundisha kwamba kazi ni ile ya ofisini?

Mnaukumbuka mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Talanta katika mfano ule ilikuwa kipimo cha fedha, tena fedha nyingi, malipo ya kibarua kwa miaka mingi. Kwa hiyo hata mtumwa aliyepewa talanta moja alipewa mali ya kutosha. Aliifukia kwa sababu ya hofu. Kwetu talanta nyingi zimefukiwa kwa hofu na kwa aibu. "Mimi sikusoma." "Mimi ni mjane." "Mimi niliishia darasa la saba." Hayo ndiyo majembe tunayochimbia mashimo ya kufukia.

MTOTO WA MBULU ALIYEMALIZA

Wapo wanaodhani kwamba wito ukiwa wa Mungu ni lazima ulete ushindi. Hapa tunao ushuhuda wa nyumbani. Tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki katika Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza. Katikati ya safari, wakimbiaji wakigombea nafasi, alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Alifungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia na watu wengi wameshaondoka. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, yaani wa mwisho kati ya waliomaliza, huku wakimbiaji wengine zaidi ya 10 wakiwa wameacha njiani.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali ili azimalize. Jibu hilo linafahamika dunia nzima. Lakini tusiishie hapo. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akawa wa 5 katika marathoni. Mwaka 1983 Taifa lilimtunuku nishani. Naye aliendelea kuishi kwao kama mkulima.

Hanang nayo ilimtoa Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya michezo hiyo ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, Canada. Mmoja alipata dhahabu, mwingine alifika wa mwisho akichechemea. Je, ni yupi aliyetimiza wito? Tunasema wote wawili. Kipawa kilikuwa kile kile, miguu iliyozoea milima na nyanda zetu. Kilichotakiwa kwa kila mmoja ni uaminifu katika siku aliyopewa.

TULIPOSHINDWA KUULIZA

Sasa tunapaswa kujisema sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka vyerehani 10 katika usharika mmoja kwa ajili ya kina mama vijana wanaolea watoto peke yao. Mpango uliandikwa vizuri na mfadhili aliupenda. Tulifanya uzinduzi, kwaya iliimba, picha zikapigwa. Baada ya mwaka tulirudi kufanya tathmini. Vyerehani 7 vilikuwa stoo ya usharika, vimefunikwa kwa kitambaa cha madhabahuni kilichochakaa.

Tulikaa na kina mama wale chini ya mti. Mwanzoni hakuna aliyesema. Hatimaye mmoja wao alisema kwa upole, "Mtumishi, tulivikubali kwa sababu mlikuja navyo. Ungekataaje zawadi ya kanisa? Lakini hamkutuuliza."

Tukauliza, kwa kuchelewa. Mama yule yule alikuwa analima vitunguu swaumu kwenye robo ekari aliyokodi. Alijua kuchagua mbegu. Alijua siku ya kung'oa na namna ya kuanika ili visioze. Majirani walikuwa wakimfuata jioni kuomba ushauri, naye hakuwahi kufikiri kwamba hicho ni kipawa. Alisema, "Hiyo ni kazi tu, mtumishi." Alichokosa ni mtaji mdogo wa mbegu na mahali pakavu pa kuhifadhia ili asiuze wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Fedha za chereheni kimoja zingemtosha kuanza.

Leo kikundi chao wanaweka na kukopeshana wenyewe kila wiki, na yeye ndiye anayewafundisha wenzake kuhifadhi mbegu. Na vyerehani? Kamati ya usharika ilitafuta tena. Ikamwona kijana aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba, ambaye alikuwa akishona kwa mkono mipira ya wenzake na kurekebisha sare za kwaya bila kulipwa. Alikuwepo siku zote, anakaa benchi la nyuma. Hatukumwona kwa sababu hakuwa kwenye orodha ya walengwa.

SOMO LA TAMBARARE ZA BASOTU

Kosa letu lilikuwa dogo. Wilaya ya Hanang inalijua kosa la namna hiyo lililokuwa kubwa zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Basotu, yakafikia karibu ekari 100,000. Ngano ilipatikana, na nchi ilihitaji ngano. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Walihamishwa, makaburi ya wazee wao yaliyo matakatifu kwao yaliguswa na matrekta, na madai yao yakafika mahakamani.

Kwa wenye mpango ule, tambarare zilionekana kama ardhi isiyotumika. Kumbe mfugaji alikuwa na elimu yake. Alijua ni majani gani yaliwe mwezi gani, na ni eneo gani lipumzishwe ili lichipue. Elimu hiyo haikuandikwa popote, hivyo haikuhesabiwa. Wajumbe wenzetu, hatutaji haya ili kufungua vidonda. Tunayataja kwa sababu mtu aweza kuwa na nia njema, fedha na wataalamu, na bado akafukia talanta ya jamii nzima kwa kutokuuliza.

FOMU YENYE SAFU MOJA

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asubuhi ile matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Wengi wetu tuliohudumu siku zile hatutasahau.

Fomu tulizojaza zilikuwa na safu ya kilichopotea: nyumba, mifugo, chakula, nguo. Hilo lilikuwa lazima. Lakini hapakuwa na safu ya kuuliza, "Unaweza kufanya nini?" Mzee mmoja aliyepoteza nyumba alikaa siku 2 kwenye kivuli, amejifunika blanketi la msaada. Kijana wa kujitolea alipoketi naye, sio kumhoji bali kumsalimu tu, aligundua kwamba mzee ni fundi mwashi wa miaka mingi. Alimwomba amshauri mahali pa kujenga jiko la kupikia watu wote. Mzee aliinuka, akakunja blanketi, akaomba kamba ya kupimia. Tangu saa ile watu walimwita "Fundi", wala si mhanga.

Mtu aliyepoteza kila kitu bado ana wito. Pengine hicho ndicho kitu pekee ambacho matope hayakuweza kukichukua.

TUNACHOWAOMBA

Kwanza, kamati za sharika. Mkirudi nyumbani, kabla ya kuandika mradi wowote, tembeleeni kaya na muulize maswali 3: Unajua kufanya nini? Watu hukufuata kwa ajili ya nini? Ni kitu gani kidogo kinakuzuia? Andikeni majibu. Anzieni na wale wa benchi la nyuma. Hata mnada wa baada ya ibada una somo. Angalieni nani analeta mayai kila Jumapili, nani mboga wakati wa kiangazi ambapo wengine hawana. Sadaka yake inawaambia kipawa chake.

Pili, wazazi na walimu wa Kipaimara. Mtihani wa darasa la saba hupima baadhi ya mambo, haupimi mtoto mzima. Mtoto asiambiwe kwamba amefeli maisha akiwa na miaka 13 au 14. Na binti asiozwe haraka kwa sababu hatukukaa naye kuona anachoweza. Kila darasa la Kipaimara lichukue siku moja ambapo wazee wa kanisa watamwambia kila kijana, mbele ya wenzake, jambo jema moja waliloliona kwake. Haigharimu shilingi.

Tatu, ndugu wafadhili. Tunawashukuru kwa dhati. Tunawaomba mtuvumilie tunapochelewa kuleta andiko la mradi kwa sababu bado tunauliza. Miezi 3 ya kusikiliza haionekani vizuri kwenye picha za ripoti, lakini ingetuokolea vyerehani 7. Tena mtuulize na ninyi, kwa ukali kama ni lazima: "Nani alichagua jambo hili?" Tukishindwa kujibu, msitoe fedha kwanza.

Nne, kila mmoja wetu. Musa alipokuwa anatoa visingizio kule jangwani, Mungu hakumpa kitu kipya kwanza. Alimwuliza juu ya fimbo ya kuchungia aliyokuwa ameishika. Wafugaji wa Hanang wanaijua fimbo ile. Ni kitu cha kila siku, kimechakaa kwa jasho la mkono, na ndicho Mungu alichokitumia. Basi usingoje nabii wa kukutabiria wala semina ya mjini. Jitazame mkononi. Kama kuna jembe, sindano, sauti, mwiko au subira ya kukaa na mgonjwa usiku kucha, anzia hapo. Wapo watakaoshinda kwa kipawa hicho, na wapo watakaofika wa mwisho, giza likiwa limeingia. Tusiache njiani.

Mungu wa neema atufungue macho tuonane. Amina.