SPRINGI ZA NYUMA ZA MOTAKAA
Maneno ya hotuba kwa watu wa Kigwa



Njia hii ya Kigwa ni njia ya mizigo tangu zamani. Hapa walipita wapagazi wa Kinyamwezi, kila mtu na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani ratili 70. Stanley naye alipita mwaka 1871, akimtafuta Livingstone. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mabega yalipumzika. Leo tumbaku na asali huchukuliwa kwa lori, na bega la lori ni springi. Mpagazi alijua kuwa mzigo usiokaa vema humwumiza kabla hajafika kambini. Gari nalo ni vivyo hivyo.

Springi ya nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopandana, yakashikwa katikati kwa bolti moja. Anayeifunga na aangalie mambo manne.

Kwanza, kichwa cha bolti hiyo kiingie barabara katika tundu la kiti cha ekseli. Kikikosa, ekseli hukaa upande, na gari huenda mshazari kama kaa.

Pili, kazi ya kuishika ekseli ni ya zile bolti zilizopindwa kama herufi U. Zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kisha zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Zikilegea, bolti ya katikati hukatika.

Tatu, springi ikilemewa hunyooka na kurefuka. Basi shakoli, kile kiungo kichezacho mwishoni mwake, kipate nafasi ya kusogea.

Nne, nalo ndilo lisahauliwalo: bolti za ncha zenye bushi za mpira zisikazwe gari likiwa juu ya jeki, springi zikining'inia. Zitiwe tu, gari lishushwe lisimame kwa magurudumu yake, ndipo zikazwe. Ukikaza mapema, mpira hushikwa mahali ulipo. Gari likishuka mpira husokotwa, hubaki hivyo siku zote, na huchanika upesi.

Tena springi zibadilishwe zote mbili, kwani mpya na kuukuu hazichukui mzigo sawasawa.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi hasafiri na gari lako. Anayesafiri ni mgonjwa apelekwaye hospitali, na mtoto aendaye shule. Basi mwenye gari asimame karibu, na aulize: je, umekaza likiwa chini?