Kipande cha Samaki
(Jumapili ya Tatu ya Pasaka)



Leo ni Jumapili ya Tatu ya Pasaka, na Kanisa linatukalisha penye chakula. Makatekista wanaotusikiliza wanajua kwamba masomo ya Jumapili hii hubadilika katika mzunguko wa miaka 3, lakini chakula hakikosekani hata mwaka mmoja. Mwaka A twasoma habari za wale wawili wa Emau, waliomtambua Bwana alipoumega mkate. Mwaka C tuko kando ya ziwa la Tiberia, ambako Bwana mwenyewe amekwisha kuwasha makaa na kuweka samaki juu yake kabla wavuvi hawajafika nchi kavu. Mwaka B mitume wanampa kipande cha samaki aliyeokwa, naye anakipokea na kukila mbele ya macho yao (Lk 24:35-48). Ni juu ya kipande hicho tunachotaka kuzungumza nanyi leo, kwa sababu kuna mlo mmoja wa samaki ambao tungali tunaukumbuka kwa aibu.

Sura ile ya mwisho ya Injili ya Luka imejaa habari tangu alfajiri mpaka usiku. Wanawake wanarudi kutoka kaburini na habari, na wanaume wanaziona ni upuuzi. Wale wawili wanatembea njia nzima wakizungumza habari za mji. Mgeni anapowakaribia na kuwauliza wanazungumza nini, mmoja wao anamshangaa: yawezekanaje mtu atoke Yerusalemu asijue mambo yaliyotokea siku hizi? Naye Bwana, aliyeyajua mambo yale kuliko mtu yeyote, maana yalitendeka mwilini mwake, hakuwakatiza. Aliuliza tu ni mambo gani, akawasikiliza mpaka mwisho.

Sisi Waswahili tunasalimiana kwa kuulizana habari. Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za watoto? Nzuri. Twajibu "nzuri" kabla ya kufikiri, hata mwenye mgonjwa ndani hujibu hivyo kwanza, kisha baadaye husema, "ila mtoto ana homa." Desturi hii hatuilaumu, kwa kuwa ina adabu yake. Ila inaonyesha jinsi tulivyo wepesi kupokea habari kwa midomo na kuziacha nje ya moyo.

Sasa tuwaeleze mlo wenyewe. Ulikuwa mwezi Mei 1994, mkoani Kagera, katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Victoria. Sisi pamoja na katekista wa kigango tulikuwa wageni katika nyumba moja ya waamini. Mama wa nyumba ile alijua samaki. Jioni tuliketi uani tukimtazama: alimpara sato magamba kuanzia mkiani, akampasua na kumsafisha, akamchanja mbavuni mara tatu ili chumvi na limau vipenye, kisha akambanika juu ya makaa yaliyokwisha tulia, akimgeuza kwa subira mpaka ngozi ikakauka. Ndipo akamtia katika mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu. Pembeni sufuria ya ndizi ilikuwa imefunikwa kwa majani ya mgomba. Ilikuwa kazi ya saa 2 nzima, na chakula kama hicho huliwa kwa robo saa. Sisi wanaume tuliozoea kukaribishwa si hodari wa kuihesabu kazi hiyo.

Tulinawishwa mikono, tukaombwa kubariki chakula, tukakibariki. Kisha baba wa nyumba akaifungua redio, ambayo betri zake zilikuwa zimeshinda juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya kufika saa mbili usiku. Kila nyumba yenye redio ilifanya hivyo wakati ule. Watoto waliamriwa kunyamaza, maana taarifa ya habari ilisikilizwa kama vile inavyosikilizwa Injili, pengine kwa utulivu zaidi.

Kwa vijana wanaotusikiliza, ambao hawakuwapo, hatuna budi kueleza kidogo. Tarehe 6 Aprili 1994, siku tatu tu baada ya Pasaka, ndege iliyowachukua Marais wa Rwanda na Burundi kutoka mkutanoni Dar es Salaam iliangushwa ilipokuwa ikitua Kigali. Kilichofuata kwa muda wa siku 100 hivi ni mauaji ya kimbari: Watutsi waliuawa pamoja na Wahutu waliokataa uovu ule, na Umoja wa Mataifa umetaja idadi ya watu zaidi ya 800,000. Waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, na wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Yatupasa tuseme pia, sisi tunaozungumza nanyi kwa chombo hiki, kwamba redio ilitumika kuwachochea wauaji na kuwaelekeza. Maiti wengi walitupwa mitoni. Mto Kagera hukusanya maji ya Rwanda na Burundi, hupita kwenye maporomoko ya Rusumo mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kisha huzunguka na kuingia Ziwa Victoria upande wa Uganda, karibu sana na mpaka wetu. Mto uliwaleta. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda waliwatoa majini na kuwazika, na makaburi yao yapo hata leo huko Kasensero, Lambu na Ggolo.

Hiyo ndiyo habari tuliyoisikia usiku ule, samaki akiwa mbele yetu. Mtangazaji alisoma kwa sauti yake ya kila siku, kisha akaendelea na habari nyingine. Hakuna aliyeisikiliza hiyo nyingine. Mtoto mkubwa wa kiume, aliyekuwa na miaka kama 11, aliurudisha mkono wake kutoka kwenye bakuli, akauliza, "Mama, samaki huyu amekula nini?"

Mama hakujibu. Baba alinyosha mkono akaizima redio, akasema kwa ukali, "Kuleni." Hakuna aliyekula. Nasi wageni, ambao muda mfupi tu uliopita tulikuwa tumekiombea baraka chakula kile, tulisingizia kushiba. Tulimega ndizi kidogo kwa ajili ya heshima. Mama aliliondoa bakuli akaingia nalo ndani, na kwa mwendo wake tulijua kwamba amejitia lawama, kana kwamba kosa lilikuwa la mpishi.

Ndipo aliposema bibi wa nyumba ile, mama mzaa baba, ambaye alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakupaza sauti. "Wanangu," alisema, "tumemwonea kinyaa samaki. Na mtu aliyetupwa mtoni, nani hapa amemlilia?"

Wapendwa, hatukuwa na la kumjibu, wala leo hatuna. Kinyaa si dhambi. Ni mlinzi ambaye Mungu amemweka kinywani mwa mwanadamu, na mtoto yule hakukosea kuuliza. Lakini yale mauaji yalikuwa na mwezi mzima na zaidi. Tulikuwa tumeyasikia jioni baada ya jioni, tukala na kulala. Tulisikia jinsi watu wapatao 250,000 walivyovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi, tarehe 28 na 29 Aprili, katika mkoa wetu huu huu, na tulitikisa vichwa. Habari ilitugusa siku ilipofika kwenye bakuli letu, na hata hapo ilitugusa kwa ajili ya bakuli.

Tena tuseme wazi jambo linalotuhusu sisi wahubiri. Jumapili ya Tatu ya Pasaka mwaka ule ilikuwa tarehe 17 Aprili 1994, na somo lilikuwa hilihili la kipande cha samaki. Tulipanda altareni tukafundisha, kwa ufasaha kabisa, kwamba Bwana alikula ili kuthibitisha kuwa hakuwa mzuka. Ni fundisho la kweli. Ila juu ya watu waliokuwa wakiuawa saa ileile, mwendo wa siku chache tu kutoka tulipokuwa, hatukutamka hata neno moja.

Kwa hiyo tangu usiku ule tumejitahidi kulisoma somo hili upya. Tazameni utaratibu wa Mwinjili. Kabla ya kuomba chakula, Bwana anawaonyesha mikono na miguu. Majeraha yanatangulia, samaki anafuata. Mitume walipokuwa wakimtazama akila, waliuona mkono unaoshika kile kipande, na ule mkono ulikuwa na alama ya msumari. Nao walikuwa watu waliokimbia. Petro alikuwa ameota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu huku akimkana, na Mwinjili Yohane hautaji moto wa makaa ila mahali pawili tu: pale uani, na ufukweni alipowapikia Bwana. Angeliweza kuwaacha wale kwanza, kisha awaonyeshe majeraha wakati mwingine, ili asiwaharibie hamu ya chakula. Hakufanya hivyo. Vilevile hakuwafukuza mlangoni kwa ajili ya kukimbia kwao.

Turudi katika nyumba ile. Kesho yake jioni, kabla ya chakula, ambacho kilikuwa ndizi na maharage, bibi aliongeza maneno machache katika sala ya kubariki: "Na wale wa majini, Bwana, uwakumbuke." Aliyaongeza tena siku iliyofuata, na nyingine. Baba alitaka kumzuia kwa ajili ya watoto, akashindwa, maana ni mama yake. Parokia ilipokusanya chakula kwa ajili ya wakimbizi wa Ngara, bibi alitoa debe la maharage kutoka akibani, na mkwewe hakunung'unika, ingawa akiba ile alikuwa ameipalilia na kuivuna yeye mwenyewe.

Juu ya samaki ilichukua muda mrefu. Kijiji kizima kiliacha. Tulimfahamu mjane mmoja aliyeishi kwa kuuza samaki mwaloni. Alikaa na ungo wake kutwa nzima, jioni akarudi nao umejaa vilevile. Hakuwa ameua mtu, wala wavuvi wake hawakuua mtu, lakini wanawe walilala njaa kwa sababu ya damu iliyomwagwa mbali. Basi baada ya miezi kadhaa, walipokwisha kuwazoea wale wa majini katika sala yao, bibi alimwita yule mjukuu mkubwa, akampa fedha. "Nenda kwa mama yule," alisema, "ulete sato mmoja. Watoto wake nao wanakula." Mvulana alikwenda. Mama alimpara, akambanika na kumwunga kama zamani. Wengine walikula, wengine hawakula, wala hakulazimishwa mtu.

Siku hizi redio si peke yake tena nyumbani. Habari zinakuja mfukoni, kwenye simu, wala hazingoji saa mbili usiku. Basi likipinduka asubuhi, picha za marehemu zinawafikia watu waliomo jikoni kabla ndugu zao hawajapata taarifa. Mama anakoroga uji kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anampelekea dada yake picha ile. Hafanyi kwa ubaya. Anataka asikose kushiriki. Vijana husema "pole" kwa kidole na kuendelea kula. Hatusemi kwamba simu itupwe, kama ambavyo baba yule kuizima redio hakukuwarudisha watu wale katika uhai. Lakini marehemu anayeonekana katika picha alikuwa na mtu aliyempikia jana yake. Je, nyumbani mwetu ametajwa kwa Mungu, au ametazamwa tu?

Makatekista wanaoandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza wametuuliza mara nyingi wafanye nini katika familia ambazo hazisali pamoja. Twadhani waanzie kwenye ile sala fupi ya chakula, ambayo nyumba nyingi zingali zinayo. Waruhusu mtoto aongeze jina moja kutokana na habari za siku ile: mji uliofurika maji, wachimba madini waliofukiwa, jirani aliyelazwa. Jina moja tu, kwa kuwa chakula kinapoa na wapishi hawapendi.

Bibi yule alikwisha fariki. Mwaka 2019 tulipita tena katika nyumba ile, ambayo sasa ina bati jipya na umeme. Mwenye nyumba ndiye yule mvulana aliyeurudisha mkono wake mwaka 1994. Ana mke na watoto. Walitupikia sato. Tulinawishwa, na binti yao mdogo akaambiwa aombe baraka. Aliomba kwa kasi, kama watoto waombavyo, na mwishoni akasema, "Na wale wa majini, Bwana, uwakumbuke, amina." Kisha akamgeukia baba yake akauliza, "Baba, wale wa majini ni akina nani?"

Taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Baba yake alipunguza sauti ya redio, akamvuta mtoto karibu naye, akaanza kumweleza polepole, tangu mwanzo. Samaki alipoa, nasi tulingoja.