AKIBA YA MAZISHI: HATI ILIYO KATIKA KASHA

Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama



Nimepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulisikia wakiwa wazima. Kwetu mtu akitaja mauti yake huambiwa kuwa anajitabiria. Lakini kutaja mvua hakuleti mvua, na asiyeezeka nyumba yake hunyeshewa vile vile. Kwa hiyo nawasihi mnivumilie kidogo.

Marehemu baba yangu alikuwa karani kama sisi. Kila mwezi alikatwa fedha kidogo katika mshahara kwa ajili ya bima, naye alizoea kutuambia, "Siku yangu ikifika msihangaike, fungueni kasha." Akastaafu, akaishi miaka sita, kisha akafariki hospitalini Dar es Salaam. Tukafungua kasha, tukaikuta hati imekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Tulipoipeleka tuliambiwa kwa upole kwamba bima ile ilikuwa ya wafanya kazi wote pamoja, nayo ilikoma siku ile mshahara ulipokoma. Baba hakujua, wala sisi hatukuuliza. Mwili wake ulikuwa ungali katika chumba cha maiti, na safari ya Masasi i mbele yetu. Kaka yangu akaweka rehani mikorosho ya mama, mimi nikakopa. Misimu mitatu mama yetu alitazama mtu mwingine akivuna mikorosho yake.

Sisemi haya ili kumlaumu mtu, bali nataka tujifunze.

Jambo hili si geni duniani. Katika mji wa Lanuvium, karibu na Roma, watu wa hali ya chini, na watumwa miongoni mwao, walikuwa na chama cha kuzikana, na sheria zake zilichongwa katika jiwe mwaka 136. Kiingilio kilikuwa sesterti 100 za Kirumi pamoja na mtungi wa divai njema, na ada ililipwa kila mwezi. Mwanachama akifa, zilitolewa sesterti 300. Lakini aliyeacha kulipa miezi kadhaa mfululizo alipoteza haki yake. Huko London, mwaka 1854, kampuni ya Prudential ilianza kuwakatia bima wafanya kazi maskini, na wakusanyaji wakapita mlango kwa mlango kila juma wakipokea peni moja moja. Nasi twavijua vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Majina ni mbalimbali, lakini kanuni ni moja: ngao hukinga maadamu imeshikwa.

Basi anayetaka kukata bima ya mazishi, kabla ya kutia sahihi, na aulize mambo manne.

Kwanza, je, bima hii yaendelea baada ya kustaafu? Ikiwa ada hukatwa katika mshahara, nani atailipa mshahara utakapokoma? Hapo ndipo baba yangu alipojikwaa.

Pili, je, kuna muda wa kungoja? Bima isiyotaka kupimwa na daktari aghalabu huwa na muda huo. Huko Marekani mara nyingi ni miaka 2: mtu akifa kwa maradhi kabla haujaisha, jamaa zake hurudishiwa ada alizolipa na nyongeza kidogo tu. Tena hesabu ada ya mwaka mara miaka unayotumaini kuishi; yamkini aishiye sana atalipa zaidi ya zitakazotolewa.

Tatu, fedha hutolewa baada ya siku ngapi, na kwa karatasi zipi? Maziko hayangoji, ndugu zetu Waislamu hujitahidi kuzika siku ile ile. Fedha zijazo baada ya mwezi hulipa deni, hazizuii deni. Kwa sababu hii bima isitutoe katika chama cha kuzikana, maana jirani hufika kabla ya hundi.

Nne, nani ajua? Bima isiyojulikana na mke, mume wala mtoto ni kama hazina iliyofukiwa. Waonyeshe hati, uwasomee masharti yake, na jina la mpokeaji liwe la mtu aliye hai.

Wala tusikate bima ili tununue jeneza la fahari. Heshima ya marehemu ni kuzikwa kwa utaratibu, na watoto wake kubaki na shamba lao.

Mabwana na mabibi, baada ya msiba ule nalikwenda kwa karani wa mishahara kuuliza habari za bima yangu. Nikaona kuwa nayo ingekoma siku ya kustaafu, sawasawa na ile ya baba. Sasa nalipa nyingine ndogo kwa mkono wangu mwenyewe, na mke wangu ajua hati ilipo. Nawaomba kila mmoja aulize kabla ya mwezi huu kwisha. Swali hilo halina gharama, lakini kwa kutoliuliza mama yangu alilipa misimu mitatu.